Kwa Nini Nyumba ya Nyigu Haina Mlango

Hapo kale, kabla wadudu hawajagawana juu na chini, Nyigu aliishi ardhini, pembezoni mwa shamba la kunde. Nyumba yake aliijenga kwa magome aliyoyatafuna yakalainika, na mlango wake mzito ulikuwa fahari ya kitongoji kizima.

Jirani yake alikuwa Nyenje, mjane aliyeishi katika shimo lisilo hata pazia. Nyenje alikuwa mtu wa kuomba: leo chumvi, kesho kaa la moto. Nyigu alimpa, lakini moyoni alikwisha kumchoka.

Asubuhi moja, akiwalisha wanawe, alisikia, "Hodi hapa." Aliijua sauti. Akawaashiria watoto wanyamaze. Mmoja akacheka, Nyigu akamfinya. Ikaja hodi ya pili, na ya tatu. Mgeni mwenye adabu asipoitikiwa mara tatu hurudi zake. Nyenje akabisha ya nne.

"Huyu hana haya," Nyigu akanong'ona.

Nje sauti ilikuwa imepungua. "Jirani, najua mmo ndani, nimemsikia mtoto akicheka. Watoe, siafu wanakuja."

Nyigu alipofungua, siafu walikwisha kumfunika Nyenje miguu yote, ile miguu ambayo ingemrusha mbali lau angejali nafsi yake tu. Nyigu akawabeba wanawe mmoja mmoja, akawapeleka juu, kwenye upenu wa banda la mkulima. Aliporudi kumchukua Nyenje, alikuta ganda tupu.

Wadudu wakaja kumpa pole. Wakamsifu kwa kuwaokoa watoto, naye akazipokea sifa zile macho yakiwa chini. Ndipo yule mtoto aliyefinywa akauliza mbele ya wageni, "Mama, mbona hatukumwitikia?"

Wageni wakaaga mmoja mmoja, na Nyigu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Na tangu siku hiyo, nyigu hajengi tena chini. Nyumba yake huning'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, siafu wasipate njia, nayo imeinamisha uso kama mwenyewe siku ile. Vyumba vyake vyote viko wazi. Ukipita karibu na upenu, hupati hata nafasi ya kubisha, keshatoka. Walioumwa humwita mkali. Mimi nasema ni haya zile zile: hawezi kukaa ndani mtu akiwa nje.