Harufu ya Gari la Marehemu Mhina

Sogeeni, na anayetafuna muwa auweke chini kwanza, sipendi kelele nikizungumza. Leo nina watu watatu wa Muheza, na kila mmoja alijaliwa lake.

Bi Nuru, muuza udi, alijaliwa pua. Mpe sufuria iliyokwisha kuoshwa, atakwambia jana mlipika kisamvu na nazi yenu ilikuwa imeanza kuchacha. Kiluvia alijaliwa moyo: miaka kumi na tisa anaendesha gari la kubebea maiti, na kila maiti humwamkia kabla ya kuwasha gari. Semboja, fundi wa AC za magari, alijaliwa mikono. Mwoga huyo, hata paka akipita anashtuka, lakini kitu kibovu akikishika hakiachi mpaka kikae sawa.

Sasa sikilizeni. Mwanahawa alizozana na mumewe, Mhina, asubuhi moja, akiwa na mimba ya miezi mitatu. Neno la mwisho alilomwambia ni, "Nenda, na usirudi." Mhina akaenda shambani kwa miguu, akaanguka huko, akafa. Mjane akakaa eda mpaka alipojifungua. Miezi sita yote gari la marehemu lilikuwa uani, vioo vimefungwa, mvua ikilipiga, hakuna aliyeligusa.

Siku ya kutoka hospitali na kichanga, shemeji yake Kihiyo akaenda kuwachukua kwa gari hilohilo. Joto la Muheza mnalijua. Akawasha AC, ikatoka harufu ya kitu kilichooza, ikawajaa puani wote. Kihiyo akasimamisha gari, akamtazama mtoto, halafu mama. Akasema marehemu ameikataa damu ile.

Ukoo ukalidaka neno. Wakaleta kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi, wakalimimina kwenye matundu ya AC ili marehemu atulie. Kesho yake harufu ikazidi. Wakamimina tena, ikazidi tena. Kihiyo akakata shauri: ikifika siku ya saba ya mtoto harufu haijatoka, gari litachomwa moto, mtoto hatapewa jina la ukoo na mama yake atarudi kwao. Petroli ikanunuliwa kabisa, ikawekwa barazani.

Mwanahawa naye aliamini, na hilo ndilo lililoniuma mimi. Alishinda dirishani na mtoto kifuani, akilitazama lile gari, akijua mumewe amerudi kumjibu. Hakula, hakulala. Mwisho akatuma salamu mjini: atakayeiondoa harufu ile ndiye atakayemchagulia mwanawe jina.

Akaja Bi Nuru. Watu walisimama mbali wameziba pua kwa kanga, yeye akaingiza kichwa dirishani, akafumba macho, akavuta pumzi mpaka mwisho. Akasema pale pana maji yaliyolala, pana ukungu wa nguo iliyokunjwa mbichi, na pana zafarani iliyochacha. "Nimefukizia maiti wengi, harufu yao naijua. Humu hamna mtu. Gari linaumwa, lipelekeni kwa fundi." Bila pua ile, lingechomwa siku hiyohiyo, maana Kihiyo alishachoka kungoja.

Lakini nani alipeleke? Semboja alikataa katakata kukanyaga ua ule, na hakuna aliyekubali hata kulisukuma. Akaja Kiluvia. Akaingia, akafunga vioo, akawasha AC, akamwamkia Mhina kama alivyozoea. Hakujibiwa, akaondoa gari. Alifika gereji machozi yanamtiririka, akashuka, akatapika. Alipoweza kusema, akamweleza fundi kwamba harufu hupungua AC ikizimwa, na kwamba zulia la upande wa abiria limelowa chapachapa. Semboja alikuwa amesema wazi kuwa haligusi mpaka aone mtu ametoka mle mzima.

Basi Semboja akaanza. Akafungua dashibodi, akakuta chujio la hewa limeota ukungu mweusi. Chini akakuta mpira wa kutolea maji umezibwa na nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Maji yalikosa pa kutokea, na kombe lote lilikuwa limekaa humo linachacha. Akazibua, akaosha kwa sabuni na dawa, akakausha, akatia chujio jipya. Siku ya sita alasiri hewa ikatoka baridi, safi kabisa.

Siku ya saba Kihiyo akakaa ndani ya gari muda mrefu. Akashuka, akampokea mtoto, akasema huyu wetu. Mwanahawa naye akaingia, akafunga mlango, akalia sana. Wanawake walidhani ni furaha. Alipotoka alisema, "Nilidhani amerudi. Kumbe hakurudi."

Mbuzi wa akika akachinjwa, ikabaki jina. Kwetu jina la marehemu halitolewi ovyo, maana humwita mwenyewe arudi nyumbani. Bi Nuru akataka Rajabu, mwanawe aliyezama mtoni. Kiluvia akataka Shemdoe, mdogo wake, maiti pekee ambaye yeye Kiluvia alishindwa kumwamkia. Semboja akataka Mbelwa, babake, aliyemfundisha kazi na kufa wakiwa hawasemezani. Kila mmoja akasema bila mimi mtoto huyu hana ukoo, na kila mmoja alisema kweli. Mama mtu akawatazama wote watatu, akamkumbatia mwanawe kwa hofu, kwa sababu ahadi ni yake na nyumba ni yake.

Haya, mliokuwa mkicheka, semeni sasa. Aliyejua, aliyethubutu, au aliyetengeneza: ungekuwa wewe, ungemfungulia marehemu wa nani mlango? Amueni upesi, shehe ameshainama kwenye sikio la mtoto anangoja.