Mkanda wa Gari Jekundu

"Mkanda hupimwa injini ikipoa." Mmeisikia leo kikaoni, vijana, mkacheka, kisha mkauliza ni mkanda gani na injini ipi. Sogezeni viti. Methali hii ilianza hivi.

Kule Machame waliishi mume na mke, Anaeli na Ndeonasia. Mume alikuwa mwalimu mstaafu, mke mkunga mstaafu. Walikuwa na gari dogo jekundu la milango miwili, la aina ile ya mashindano, walilolinunua ujanani likiwa tayari limechoka. Kila fundi wa mjini aliyefungua boneti lake alitikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. Basi wazee hao wakaamua kulitunza wenyewe. Wakajiandikisha masomo ya jioni katika chuo cha ufundi, wakakaa dawati la mbele na mvi zao, vijana wote nyuma.

Ndeonasia aliyapenda masomo yale kuliko alivyotarajia. Kabla ya kushika spana alifumba macho na kusema, "Bwana, ongoza mikono yangu," kama alivyosema miaka yote kabla ya kupokea mtoto. Somo lililomkaa moyoni kuliko yote lilikuwa la mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni zipishane bila kugongana. Mwalimu aliwaonyesha: ushike kwa vidole viwili pale ulipo mrefu zaidi kati ya puli na puli, vile vigurudumu vinavyouzungusha, kisha uusokote. Ukigeuka robo ya mzunguko, uko sawa. Ukigoma, umebana mno na utalika. Ukipitiliza, umelegea, siku moja utaruka meno, vali zipigane na pistoni, na hapo injini umeizika.

Injini waliyojifunzia ilikuwa imefungwa juu ya meza ya darasa. Kazi yake ilikuwa kuguswa tu.

Nyumbani, Ndeonasia alipima mkanda alfajiri, akitoka kwenye sala. Anaeli alipenda kupima Jumapili, mara tu warudipo kanisani, koti la suti limetundikwa kwenye mlango wa gari. Alfajiri mama anakuta mkanda umelegea, anaukaza. Jumapili baba anakuta umebana, anaulegeza. Kila mmoja alinyamaza kwa upendo, akidhani mwenzake hakulishika somo vizuri na akiona haya kumuumbua.

Upendo huo wa kimyakimya uliendelea hadi karibu na Sikukuu ya Mavuno. Wakati huo gari lilikuwa limeanza kupiga kelele kila likiwashwa asubuhi, tapu tapu tapu, mkanda ukichapa kifuniko chake. Jumapili moja Anaeli alifungua boneti, akashika mkanda, uvumilivu ukamwishia.

"Mama Aikande, nani anaubana huu mkanda kama kamba ya mbuzi?"

"Ni mimi. Maana kuna mtu anaulegeza kama mshipi wa suruali baada ya pilau."

"Mtu huyo ni mimi. Wewe ulikuwa unasinzia darasani."

"Na aliyekuwa anakoroma ni nani, Baba Aikande? Mwalimu alinyamaza akidhani ni kompresa."

Anaeli hakucheka. Alifuta mikono taratibu. "Gari la mafundi wawili halifiki popote. Kwenye mlima wa kwenda kanisani siku ya Mavuno, na mzigo wa sadaka juu, litatufia njiani. Yule bwana wa Arusha aliyeomba kulinunua bado analitaka. Kesho nampigia simu."

Ndeonasia alisogea karibu na gari. Gari hilo ndilo lililomrudisha darasani uzeeni; likiondoka, alijiona akirudi kukaa kibarazani kungoja kuamkiwa. Akaomba kimoyomoyo, akanyoosha mkono kuupima mkanda mwenyewe. Uligoma. Ulikuwa umebana kweli, kama mumewe alivyosema. Lakini alfajiri ileile aliusokota ukapitiliza robo, akauacha bila kuukaza ili awahi kanisani, na mkono wake haukuwa mwongo.

Alipokuwa akiutoa mkono, kidole kiligusa chuma cha injini. Akakirudisha upesi na kukitia mdomoni.

"Ya moto," akasema. Kisha akamtazama mumewe. "Baba Aikande, ile injini ya darasani uliwahi kuiona ikiwaka?"

"Iwake vipi, na ilikuwa mezani?"

"Basi weka spana chini. Wala mimi sishiki. Tunywe chai."

Wakaleta viti viwili mbele ya gari. Wakanywa chai, wakapima. Mkanda ukageuka kidogo. Wakala ndizi za kuchoma, wakapima, ukageuka zaidi. Jua liliposhuka na chuma kupoa kabisa, Anaeli aliusokota, nao ukapitiliza robo bila ubishi. Akabaki ameushikilia.

"Chuma kikipata moto kinatanuka," akasema polepole. "Kinauvuta mkanda. Nimefundisha sayansi miaka yote hiyo."

"Umefundisha, mume wangu. Ila gari hukulifundisha."

Hapo ndipo alipocheka, akacheka hadi akakaa chini, na Ndeonasia naye machozi yakamtoka kwa kicheko. Alfajiri waliomba pamoja, wakaukaza mkanda pamoja, mmoja akishika taa na mwingine spana. Simu ya Arusha haikupigwa.

Siku ya Mavuno gari jekundu lilipanda mlima likinguruma vizuri, mkungu wa ndizi ukiwa umekaa kiti cha nyuma kama bibi harusi. Baada ya ibada, ndugu wawili walivamiana kwa maneno kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la migomba la baba yao, wakamtaka Anaeli, mzee wa kanisa, aamue palepale. Anaeli alimtazama mkewe.

"Mkanda hupimwa injini ikipoa," Ndeonasia akawaambia. "Kanyweni chai kwanza."

"Mkanda gani, Mama?"

Akawasimulia yote, pamoja na kukoroma. Wale ndugu walianza kwa kukasirika, wakaishia kuombana sukari. Wiki iliyofuata waliutembea mpaka wote wawili, wakapanda masale mapya, mimea ya kuonyesha mpaka, bila kuhitaji mwamuzi.

Tangu hapo watu wa Machame wakaichukua kauli hiyo. Haisemi kwamba mwenye hasira ni mwongo, vijana. Mkono wa Anaeli uligusa mkanda uliobana kweli. Inasema tu kwamba saa ile haikuwa saa ya kushika spana. Kwa hiyo mkiwaona wawili wamechemka na kila mmoja ana hakika, wasogezeeni viti, muwamiminie chai, na muwaambie: mkanda hupimwa injini ikipoa.