Kibe cha Nguchiro na Mbayuwayu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani hasa, lakini kompyuta zilikuwepo. Msibishane nami leo, nimechoka.

Palikuwa na Nguchiro, fundi wa michezo ya kompyuta. Rafiki yake alikuwa Mbayuwayu, ndege mzee. Siku moja Mbayuwayu akamwambia, "Ndugu yangu, masika yakianza nasafiri. Mbawa zimezeeka, sijui kama nitarudi. Nitengenezee mchezo wa kibe, tujifichane mimi nawe kama utotoni."

"Nitakutengenezea," Nguchiro akaahidi.

Akaketi, akaandika kwa lugha ya kompyuta aliyofundishwa na mama yake. Mchezo ukafika nusu.

Akapita Duma. "He! Unaandika kwa lugha ya vikongwe? Mimi michezo yangu ni ya kukimbizana, natumia lugha kali. Inakwenda mbio!"

Nguchiro akaona haya. Akafuta yote, akaanza upya. Lugha kali ilikwenda mbio kweli, lakini ilitaka kila kitu akipange mwenyewe, na akisahau kimoja, mchezo mzima unaanguka. Nguchiro akachoka.

Akapita Konokono. "Pole pole, bwana. Mimi michezo yangu ni ya vitendawili, natumia lugha nyepesi. Hata mtoto anaisoma."

Nguchiro akafuta, akaanza upya. Iliandikika vizuri, lakini mchezo ukajikokota. Ukijificha leo, unaonekana kesho. Nguchiro akachoka zaidi.

Akapita Kasuku. "Bado uko huko? Siku hizi wote wanatumia lugha mpya!"

"Wewe umetengeneza mchezo gani kwa lugha hiyo?"

"Mimi? Sijatengeneza. Nasikia tu."

Nguchiro alisikia jibu hilo kwa masikio yake mawili, na bado akafuta! Uchovu huondoa akili, jamani.

Hata hajaizoea lugha ile, mawingu yakanguruma. Mbayuwayu akatua dirishani. "Umemaliza, ndugu yangu?"

"Bado."

"Umefika wapi?"

"Mwanzo."

Mbayuwayu hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma Nguchiro. Akasema tu, "Haya, kwaheri," akaruka.

Nguchiro akarudi kwenye lugha ya kwanza. Kibe ni mchezo mdogo, nayo ilimtosha. Kabla mvua hazijakatika, mchezo ukakamilika, hauna kasoro hata moja. Akaufungua, akajificha nyuma ya kichaka cha mle mchezoni, akangoja kutafutwa. Akangoja. Hakuna aliyekuja.

Wanangu, Duma hakusema uongo, wala Konokono. Kila mmoja alichagua lugha iliyofaa mchezo wake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukitaka kuchagua, tazama kwanza kazi yako ni ipi, na nani anakungoja.

Mzigo wangu wa hadithi nimeutua hapa. Ukiwa mtamu, gawaneni. Ukiwa mchungu, niachieni mwenyewe nikalale nao.