Faini ya Nusu Ukurasa

Mwanamke mmoja alikuwa na wajukuu wawili na muda mfupi wa kukaa nao. Jina lake Nakijwa, mjane, mkulima wa tangawizi huku kwetu milimani Upareni. Binti yake Namsifu alifariki akiwaacha watoto hao wadogo mno, mmoja akijifunza kutembea na mwingine akinyonya, hata sauti ya mama yao hawaikumbuki. Baba yao akapata kazi Tabora, akaoa tena, akatuma neno kwamba shule zikifungwa mwisho wa mwaka atakuja kuwachukua. Nakijwa hakubisha. Ila alitaka waondoke na mama yao kwenye karatasi: alivyozaliwa, alivyokuwa mkaidi, alivyoolewa, alivyowabeba wao.

Aliishia darasa la nne. Karatasi alinunua, zikalala chini ya godoro, na kila jioni akasema kesho. Huyo kesho namjua vizuri, hata kwangu anakula na kulala.

Ndipo watu wa usharika wetu wa kanisa wakaanzisha kikundi cha kuandika, wakakipanga kama msaragambo. Mnajua msaragambo wetu. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu kwenda kuchimba mtaro wa maji, na kila mtu anapimiwa kipande chake kifupi. Mwenye nguvu akimaliza hakai kivulini, anahamia kwenye kipande cha aliyechoka. Na aliyebaki kitandani anapitiwa nyumbani, anachukuliwa jembe au sufuria, mpaka atakapokuja kufanya sehemu yake. Basi kikundi nacho kikajipimia vipande: ukurasa mmoja kwa wiki, Jumatano wanakutana, kila mtu anasoma chake. Mwezi ukiisha wanapumzika kidogo, kisha wanaanza kipande kingine.

Nakijwa akaja. Kalamu aliishika kama mpini wa jembe. Lakini kwa kuwa Jumatano ilikuwa inakuja na watu walikuwa wanamngoja, akaandika. Mkono ukazoea. Ikafika mahali akimaliza kuosha vyombo, hata kabla hajakauka mikono, anawasha taa yake ya sola na kuketi. Namsifu akazaliwa kwenye karatasi, akaota meno, akaanza kumtupia kuku mawe. Wajukuu wakawa wanauliza, "Bibi, leo mama amefanya nini?" Naye akawasomea.

Hapo pangetosha. Lakini sisi watu wa Mungu jambo jema likikaa vizuri mikono yetu inawasha. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Mrutu, alisikia kwamba usharika wa bondeni nao wana kikundi, na kwamba hakuna mtu wao aliyewahi kukosa ukurasa. Akaona haya. Akasimama akasema kuanzia sasa hataki mtegaji, mtu wa kukwepa kazi, na kwamba asiyetimiza ukurasa atapitiwa nyumbani, kama ilivyo kwenye msaragambo. Watu wakaitikia amina. Hakuna aliyekumbuka kwamba faini ile ilikuwa ya aliyebaki kitandani, wala haikuwahi kuwa ya aliyekuja akaishiwa nguvu. Na hakuna aliyeuliza kuhusu kuhamia kwenye kipande cha mwenzako. Hilo waliliacha, kwa sababu linachosha.

Wiki ya kuvuna tangawizi Nakijwa alikuja na nusu ukurasa. Semvua, kijana wa kwaya mwenye mdomo mwepesi, akamwambia mbele ya wote, "Bibi Nakijwa, mtaro ukiishia njiani maji yatamwagika kwa nani?" Wakacheka. Ile nusu hawakutaka hata kuisikia. Jioni yake watu wawili wakaenda kwake, wakaangalia ndani, wakatafuta kitu cha thamani. Wakachukua taa ya sola. Mjukuu mdogo akauliza kama wanaipeleka kwa fundi.

Alijaribu kibatari. Moshi ukamtoa machozi, mistari ikamchanganya. Mchana yuko shambani. Jumatano akaja mikono mitupu, akaikuta taa yake mezani, imewashwa, wenzake wanasomea kurasa zao chini yake. Mwenyekiti akamwuliza ukurasa uko wapi. Akajibu: "Ukurasa ninao kichwani, Mwenyekiti. Taa unayo wewe."

Wakadhani ni utani. Semvua akapiga makofi, eti bibi kawaweza. Wakaandika jina lake upande wa wategaji na kuendelea na sala.

Shule zikafungwa. Baba akaja. Watoto wakaondoka na bahasha yenye zile karatasi, na ndani yake Namsifu ni msichana wa darasa la sita aliyetumwa maji. Hajarudi na ndoo. Hajaolewa. Hao watoto wenyewe hawajazaliwa. Watakua Tabora wakisoma habari za mtoto mwenzao, na mama hawatampata.

Jumatano ya wiki hiyohiyo kikundi kilitangaza kwamba kimemaliza kipande chake bila mtegaji, kwa maana mtegaji walikwisha kumfuta jina. Waliimba. Kisha Mzee Mrutu, kwa moyo mkunjufu kabisa, akaibeba taa mwenyewe mpaka kwa Nakijwa, akamwambia amesamehewa. Amesamehewa! Yeye! Akaiweka mezani, akaomba, akaenda zake. Nakijwa akaiwasha, akaketi. Mkono haukuja. Ulikuwa umeyapoteza mazoea yake, na nyumba haikuwa na mtu wa kuuliza mama amefanya nini.

Nina hasira, ndugu zangu, na hasira yangu si safi. Walio nyumbani kwangu wanaijua. Lakini nikinyamaza nitakuwa na mimi nimebeba ile taa. Tunasema tunawafundisha watu waandike kidogo kidogo, waombe kidogo kidogo, watubu kidogo kidogo. Kisha anakuja mtu na kidogo chake, ametoka nacho mbali, mgongo unamuuma, nasi tunamnyang'anya hata kile alichokuwa akikitumia kukipata. Na hilo tunaliita utaratibu. Bwana atakapotuuliza habari za Nakijwa, tutamwonyesha orodha yetu isiyo na mtegaji?

Kipande kipya kinaanza wiki hii. Nawaomba jambo moja tu. Atakuja mtu Jumatano na mistari miwili. Mwacheni asome hiyo miwili, na msimuulize mingine iko wapi.