Mbegu ya Mama Mkwe

“Muhogo wa haya hauliki.” Mmeisikia sokoni, mmecheka, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwetu, wajukuu zangu, na nikiikumbuka napandwa na hasira hadi leo.

Methali hii ilianza hivi. Somoe, mke wa kaka yangu, alipofyeka shamba lake la kwanza, mihogo ya kijiji kizima ilikuwa inaugua. Siku hizi wataalamu wanasema ni virusi, husafiri ndani ya pingili za kupandia. Sisi tulijua tu kwamba shina lenye michirizi ya kahawia huzaa mihogo iliyooza ndani. Somoe akaenda mbali kwa mjomba wake, akarudi na tita la mbegu safi kichwani. Shamba hilo ndilo lingelisha watoto wake.

Lakini kwetu mkamwana hupewa mbegu na mama mkwe, na kuikataa ni kuikataa nyumba. Mama yetu akaja na tita lake. Michirizi ilikuwa inaonekana waziwazi!

“Pokea, mwanangu. Mbegu ya nyumba hii.”

“Ahsante, mama,” akajibu Somoe, akipiga magoti.

Mama alipoondoka nikamvaa. “Wifi, huoni?”

“Naona, wifi. Sasa nitamwambiaje mama?”

Nilisema mpaka nikachoka. Akazipanda pingili za mama katikati ya zile safi! Wadudu weupe wakaueneza ugonjwa shamba zima.

Wakati wa kuvuna tulichimba shina hili, tukachimba lile. Kila muhogo ukikatwa, ndani kahawia. Watoto walikuwa wameshaanza kushindia ming’oko, viazi vya porini, nayo ilikuwa haba. Mama akaketi juu ya tuta.

“Mwanangu, hukuiona michirizi?”

“Niliiona, mama. Niliona haya kukwambia.”

“Hata mimi niliiona. Niliona haya kuja kwako mikono mitupu.”

Jamani! Watu wazima wawili, wote wana macho, wote wana midomo! Nililia kwa hasira. “Basi itelekeni hiyo haya yenu, watoto wapate kula!”

Na kwa njaa ile tukaiteleka kweli mihogo hiyo. Kitinda mimba wa Somoe akatia tonge mdomoni, uso ukamkunjamana, akamtazama bibi yake akiogopa kutema.

Mama akamwekea kiganja chini ya kidevu.

“Tema, mjukuu wangu. Muhogo wa haya hauliki.”