Usingizi Hapewi Mtu Mkononi

"Ngano hiyooo!"
"Na ije, mkeka umetandikwa!"
"Inakuja na nini?"
"Na chochote, sisi tupo!"

Basi, palikuwa na Nyani, dume hasa, kifua kama pipa. Mwaka ule mvua iligoma, msitu ukakauka, wanyama wakawa wanatafuna mizizi. Lakini pango la Nyani lilijaa: karanga huku, viazi kule, mahindi mpaka mlangoni. Alikula peke yake, akalinda peke yake. Mkewe akigusa kiazi, ngumi. Nduguye akichungulia, meno.

Usingizi ukamkimbia. Kila akifumba macho, kwaru! kwaru!
"Nani huyo?"
Kumbe ni jani tu.
Akaanza kuota macho wazi. Aliona mahindi yameota miguu, yanatoka pangoni yameshikana mikono, yanaimba taratibu. Akiyakimbilia, yako palepale.

Juu ya pango, ndani ya mkuyu, aliishi Kindi na wanawe. Chakula chao konzi ya mchicha wa porini, basi. Walikula wakicheka, wakalala nusu tumbo, foo... fii... Nyani akiisikia ile pumzi, machozi ya wivu yanamtoka.

Mchana mmoja akaukamata mkuyu, akautikisa, tiki-tiki-tiki!
"We Kindi! Nipe huo usingizi wako, la sivyo nang'oa mti na watoto wako humohumo!"

Moyo wa Kindi ukapiga du! du! Akawatazama wanawe, mbavu nje. Kisha akatabasamu.
"Bwana mkubwa, usingizi hapewi mtu mkononi. Usingizi ni mgeni mwenye haya. Akikuta nyumba imejaa, hugeuka mlangoni akaenda zake."
"Kwangu kumejaa nini?"
"Labda karanga, bwana. Tuzitoe tuone."

Karanga zikatoka. Wanyama wenye njaa wakazibeba kimyakimya, wakapotelea kwenye vumbi la jua. Nyani akalala chali, akafumba jicho moja.
"Amekuja?"
"Amechungulia, bwana, akaona viazi, akarudi."

Viazi vikatoka. Nyani akafumba jicho la pili, la kwanza likafumbuka.
"Amekuja?"
"Ameingiza mguu, bwana, akajikwaa kwenye mahindi."
"Basi nayo yatoke!"

Mahindi yakatoka. Safari hii kweli yalikuwa na miguu: ya sungura, ya digidigi, ya nungunungu, mstari mrefu ukiteremka bondeni. Nyani aliyaona yakienda. Alitaka kupiga kelele. Lakini pango lilikuwa limepoa, upepo unapita bila kugonga kitu, na hapakuwa na cha kulinda. Mikono ikalegea. Macho yote mawili yakajifumba. Khorrr... fyuuu...

Alipoamka, jua la siku nyingine lilikuwa juu. Akaliona pango tupu, akajua amechezewa. Akakunja ngumi. Mkewe alikuwa ameketi kando na kibakuli cha mchicha alichokiacha Kindi.
"Mume wangu, umelala kama mtoto. Njoo ule."
Zamani gani aliitwa "mume wangu"! Ngumi ikafunguka, ikawa mkono wa kulia mchicha. Ulikuwa mchungu. Wakala wote wawili, wakaumaliza.

Na Kindi? Katika chakula kile cha pangoni alijiwekea fungu kubwa kuliko wenzake. Jioni hiyo, kwaru! kwaru! "Nani huyo?" Kwaru! "Nani?" Kulipopambazuka, macho mekundu kama pilipili, akawamwagia majirani lile fungu, akabakiza konzi yake, akaanguka usingizini kabla hajaitafuna.

Funzo lake, wapenzi: heri mboga chungu penye amani kuliko karamu penye ngumi. Mali ni mzigo, mali ni kelele, mali haina maana. Kwa hiyo, kama kwenu kumejaa na usingizi hauji, msihangaike kugawia watu ovyo. Nileteeni mimi. Nitakesha kwa niaba yenu.

"Ngano imefika kwake!"
"Ikiwa tamu?"
"Gawaneni!"
"Ikiwa chachu?"
"Mrudishieni Nyani!"