Dada Aliyegawa Programu, Akabaki na Mzigo

Wapendwa, najua wengi wenu mna simu mfukoni. Zimeni kidogo, maana leo nataka kuwasimulia habari ya programu ya kompyuta. Msicheke, mtaona inatuhusu.

Kulikuwa na dada mmoja, Atupele, mtunza stoo ya dawa katika zahanati moja ya milimani. Kila mwezi alikuwa akitupa maboksi ya dawa zilizopita muda wake, huku akina mama wakirudishwa nyumbani wakiambiwa dawa hakuna. Jambo hilo lilimuuma. Akajifunza mwenyewe kutengeneza programu, akaandika moja inayomkumbusha mtunza stoo ni dawa gani inakaribia kuharibika na ipi inakaribia kuisha. Ikafanya kazi vizuri.

Angeweza kuiuza. Yeye akaiweka kwenye mtandao pamoja na leseni yake, yaani masharti ya kuitumia, nayo yalisema hivi: itumie, ibadilishe, mpe na mwenzako, bila kulipa chochote, ila ukiiboresha na kuigawa, maboresho yako nayo uyaache wazi kwa wote. Ndani ya miaka sita ilikuwa imeingia zahanati zaidi ya mia mbili. Watu kumi na mmoja, ambao hajawahi kuwaona kwa macho, waliiongezea vipande vyao.

Lakini ikikwama, simu ilipigwa kwa nani? Kwa Atupele. Chakula kiko mezani, simu. Yuko kwenye msiba wa shangazi yake, simu. Mtu wa mbali analalamika kwamba hesabu ya vidonge haisomeki, tena kwa ukali kana kwamba amemwajiri. Atupele anaomba radhi, anarekebisha. Mumewe alimuuliza ataendelea hivyo hadi lini.

Ndipo akaja bwana mmoja wa kampuni kutoka mjini. Aliahidi kumpa Atupele kazi na mshahara mzuri, ila matoleo yote yajayo yafungwe na kila zahanati ilipie. Atupele akamweleza kwamba hawezi kuamua peke yake, maana wale kumi na mmoja nao wana kazi yao mle ndani. Bwana yule akamwambia basi awaulize.

Akawaandikia. Aliwaambia ukweli, kwamba amechoka na kwamba anaona aibu kusema amechoka. Mnadhani alitegemea nini? Alitegemea kuitwa msaliti.

Jibu la kwanza lilitoka Ukerewe, kwa mfamasia aitwaye Magesa, aliyekuwa ameiongezea sehemu ya chanjo. Aliandika: "Dada, sehemu yangu sikubali ifungwe, lakini kwa kuuliza sikulaumu. Nakulaumu kwa jambo jingine. Miaka sita umetugawia kazi yako, na hujawahi hata siku moja kutugawia mzigo wako."

Atupele alisoma mara mbili, kisha akajibu, "Nilidhani nikiomba msaada haitakuwa bure tena."

"Ni bure kwetu tunaoitumia," Magesa akamwandikia. "Kumbe kuna mtu anailipia kwa jasho lake, na sisi hatukuuliza."

Wiki ile wakagawana. Magesa akachukua simu zote za kanda ya ziwa. Mwingine akachukua za pwani. Hospitali mbili kubwa zilizokuwa zikiitumia tangu mwanzo zikakubali kuchangia kila mwaka, ili Atupele apate siku mbili za wiki za kuishughulikia kwa malipo halali. Na yule bwana wa kampuni? Aliambiwa karibu, itumie kama wengine, kwa masharti yale yale. Alinuna kidogo, halafu akakubali. Leo kampuni yake inafundisha watunza stoo na kulipwa kwa mafunzo, na wanachoboresha wanakiacha wazi. Atupele anakula chakula chake kikiwa cha moto.

Sasa, ndugu zangu, tuje kwetu. Mlidhani nitawaambia tusiwe kama yule mtu wa kampuni? Hapana. Sisi si yule bwana. Sisi ni zile zahanati mia mbili. Tunapokea, tunafurahi, kikikwama tunalalamika.

Nani anafua vitambaa vya meza ya Bwana hapa kanisani? Mnajua? Mimi mchungaji wenu nilikuwa sijui mpaka Jumamosi iliyopita, nilipomkuta Mama Sekela bombani, mgongo umempinda. Nilimuuliza ameanza lini. Akasema tangu kanisa hili lilipoezekwa. Nikamuuliza mbona hajatuambia. Akatabasamu, akasema hakuna aliyemuuliza.

Yuko pale, benchi la tatu. Tukitoka, msimpe asante tu, asante haimpunguzii mzigo. Mwulizeni Jumamosi hii ni zamu ya nani. Mimi nimeshachukua ile inayofuata.